Miezi minane na Looker Studio kwenye kinu cha alizeti

Nina kinu kidogo cha kukamua alizeti pale Kizota, Dodoma: mashine mbili, watu sita, mzigo mwingi ukitoka Kongwa, Chemba na Singida. Tangu Julai mwaka jana natumia Looker Studio, programu ya Google ya kugeuza namba kuwa chati, ambayo hadi 2022 iliitwa Data Studio. Ni ya bure na inasoma yenyewe namba kutoka Google Sheets, yale majedwali ya Google ya mtandaoni. Daftari la mizani lilikuwa limenichosha, nikaona acha nijaribu.

Dashibodi ya kwanza, yaani ukurasa wenye chati zote pamoja, nilimlipa kijana anitengenezee. Ungedhani umeingia chumba cha rubani! Chati 23, mishale kama ya spidi ya gari, maduara ya wateja yenye rangi kama vitenge vya sokoni. Wiki mbili za mwanzo kila mgeni aliyekuja alionyeshwa. Baada ya hapo sikuifungua tena, na kila asubuhi nikawa nauliza kwa mdomo kama zamani: "Jana zimetoka lita ngapi?" Kijana hana kosa. Mimi ndiye niliyemwambia aweke kila kitu.

Siku moja nikakaa na kujiuliza: ni namba gani ikibadilika nitanyanyuka kwenye kiti? Nikazipata nne tu. Lita kwa kila gunia, kila mashine peke yake. Mafuta na mashudu yaliyobaki stoo. Madeni ya wenye maduka yaliyopita siku 14. Umeme kwa kila gunia tulilokamua. Zilizobaki nikafuta, isipokuwa moja. Mauzo ya mwezi niliyasogeza chini kabisa, na hapo roho iliniuma, maana ndiyo namba tamu kuiangalia.

Lita kwa gunia ndiyo iliyonilipa. Gunia la kilo 65 lilikuwa likitupa lita 17 hivi. Mwezi Septemba mashine ya pili ikaanza kushuka: 16, 15, halafu 14 na nusu, huku ya kwanza imetulia palepale. Ningekuwa na jumla ya kinu kizima tu, ningemlaumu mkulima kwamba alizeti yake mbovu. Lakini mashine zote zilikuwa zinakula mzigo uleule. Fundi alipofungua akakuta skrubu ya kukamulia imelika. Mashudu yake ukiyafinya yalikuwa yanaacha mafuta kiganjani, na wiki nzima hakuna aliyeyafinya.

Nimeharibu mengine kwa mikono yangu. Chati ya nguzo za mauzo niliianzishia milioni nne badala ya sifuri, ili tofauti ionekane vizuri. Mke wangu akaiona kwenye simu, nguzo ya wiki ile imebaki kama kisiki, akanipigia akidhani kinu kimesimama. Kumbe tulishuka kidogo tu. Kuna pia dada wa mizani, anayejaza fomu kwenye simu kila gunia likiisha: aliandika "lita 16" badala ya 16. Programu ikayahesabu kuwa ni maneno, siku nzima ikapotea kwenye jumla. Sasa fomu inakubali tarakimu tu.

Kwa anayetaka kujaribu: bila intaneti haifunguki. Namba za Google Sheets, usipobadilisha mpangilio, hujisasisha kila dakika 15, ila kuna kitufe cha kuzivuta papo hapo. Ukurasa wake huanza ukiwa mpana wa kompyuta, hivyo nikaufanya mwembamba na mrefu, maana sisi sote tunaangalia kwenye simu. Nyota nne kati ya tano.

Msimu ujao nataka niongeze unyevu wa alizeti kabla haijaingia mashineni. Ili ipate nafasi, umeme utatoka. LUKU, mita ya umeme, naisoma mwenyewe ukutani.