Nyumba ya mazishi ya Wajapani Los Angeles, walimsitiri mama mkwe wangu vizuri

Nawapa nyota 4 kati ya 5 na iliyobaki ni ya paking tu. Hii ni nyumba ya mazishi ya familia moja ya Kijapani kusini mwa Los Angeles, na naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu mlioingia kwenye koo za Kijapani huku, mjue nini cha kuuliza siku ikifika.

Mama mkwe aliletwa Marekani na mumewe mwanajeshi miaka ya 50, yeye na wenzake maelfu kwa maelfu walioolewa na askari wa Kimarekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Sheria ya Marekani ya 1952 ndo iliwaruhusu Wajapani wahamiaji wawe raia. Kule Japani Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikuwa na madarasa ya kuwafundisha hao mabibi harusi mapishi ya kizungu, Mama alipita huko, na pai zake zilikuwa tamu kweli, ila asubuhi kwake ni wali na supu ya miso, yaani soya iliyochachushwa, na baba mkwe akazoea mpaka akawa hali kingine. Kalea watoto wanne, kashonea watu nguo, mumewe alipopooza kamuuguza mwenyewe hadi mwisho. Mimi alininunulia ndala za ndani, zikakaa pale mlangoni miaka yote na mgeni haruhusiwi kuzivaa. Ukali wake ulikuwa mezani, usithubutu kupokezana chakula kwa vijiti vya kulia, kijiti kwa kijiti, maana kwao mwili ukishachomwa ndugu huokota mifupa kwa vijiti wakipokezana hivyohivyo.

Sasa hawa jamaa wa nyumba ya mazishi. Watoto wa Mama wamezaliwa huku, mila hawazijui, tukapeleka kimono yake tu, lile vazi la Kijapani, tukijua watamvisha. Mama mmoja wa makamo pale akatuita mimi na wifi yangu, akatuonyesha taratibu, aliye hai anakunja upande wa kushoto juu ya kulia, marehemu kulia juu ya kushoto. Akatuachia tumfunge mkanda wenyewe. Wifi alikuwa analia mikono inatetemeka, na yule mama akasimama pembeni hakuharakisha mtu wala kuangalia saa, kwa hilo tu Mungu ambariki jamani.

Ibada ni ya Kibudha, kila mtu anaenda mbele anachukua ubani wa unga kidogo kwa vidole anadondosha kwenye kaa, na mhudumu anakuelekeza kwa sauti ya chini usije ukaaibika mbele za watu. Rambirambi wanaita koden, zinakuja kwenye bahasha zenye uzi mweusi na mweupe, mezani vijana wao wanaandika jina na kiasi kwenye daftari, nikajiona niko msibani Tanga kabisa. Daftari mnakabidhiwa, litunzeni, maana mtatakiwa kutuma kadi za shukrani, wengi huku huambatanisha na stempu za posta kama zawadi ndogo.

Kisomo cha siku ya 49 walitupigia simu wenyewe kutukumbusha, na hesabu inaanza siku yenyewe ya kifo, msikosee.

Bei si ndogo ila waliandika kila kitu kwenye karatasi mwanzoni na haikuongezeka hata senti. Paking ni ya magari machache mno, wazee wetu walitembea mbali juani, wenye wagonjwa washusheni mlangoni kwanza.