Kuvua sangara Rubondo wakati wa kiangazi: uzoefu wangu

Mwenye ufito wa kuvulia na rili ya kukunjia mshipi nyumbani, anayesubiri likizo ya Juni au Julai akavue samaki wa maji baridi, mimi namwelekeza Rubondo, kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa Tanzania, kabla ya kwingine. Si karibu, wala si rahisi kufika. Sababu yangu ni moja: ndani ya mipaka ya hifadhi hakuna nyavu. Ukivua jirani na Mwanza mjini, kila jabali lina nyavu za makila, zile za kutega, na usiku ziwa linawaka taa za dagaa. Sangara anayefikisha kilo kumi maeneo yale ana bahati yake. Rubondo ni Hifadhi ya Taifa tangu 1977, kisiwa pamoja na maji yanayokizunguka, na maji hayo ni mazalia ya sato na sangara. Mvuvi wa biashara haingii. Wewe unaingia kwa kibali, na ndoano yako.

Tulikuwa kundi dogo la marafiki, wengi wetu watoto wa Kanda ya Ziwa tunaoishi Dar. Kutoka Mwanza tulipita Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo–Busisi, lile la kilomita tatu lililofunguliwa Juni 2025. Aliyewahi kukaa kwenye foleni ya kivuko na mbuzi, mabasi na wauza mahindi atajua kwa nini nalitaja. Sengerema, Geita, Nkome, halafu boti.

Malipo ndiyo yaliyoniudhi. Kiingilio, malazi, boti na kibali cha kuvua kila kimoja kina gharama yake. Kiingilio kwa raia wa Afrika Mashariki si kama cha mgeni, lakini boti haijui uraia: mafuta ni yale yale mkiwa wawili au sita. Wakala tuliyempata mjini alitupa bei ya "kila kitu", tukafika ukingoni tukaambiwa mafuta ya kuzungukia wakati wa kuvua hayamo. Tulibishana pale juani, mwisho tukalipa. Kabla ya kutuma hela mwambie wakala aandike boti ni ya saa ngapi kwa siku, mafuta ya nani, vifaa vya nani. Na nendeni angalau wanne. Peke yako utavua kwa gharama ya harusi.

Sasa uvuvi wenyewe. Nahodha wetu alikuwa mzee wa Kizinza, mpole, asiyependa kelele botini. Alfajiri ziwa limelala, tunakokota chambo bandia, visamaki vya plastiki vinavyozama mita nne au tano, polepole sambamba na mawe ya pwani. Sangara hukaa pembeni ya mawe na kwenye rasi, penye kivuli na mteremko wa ghafla, akivizia furu na sato wadogo. Akikamata hadonoi kidogo kidogo kama sato. Ufito unapinda mara moja na rili inaanza kulia. Hakimbii mbali kama samaki wa baharini. Anazama, anaegemea uzito wake chini, kisha ghafla anapanda juu na kutikisa kichwa nje ya maji, mdomo wazi, na hapo ndipo ndoano nyingi hutoka. "Mwanangu, usimvute," mzee alikuwa akiniambia, "kaza mshipi, teremsha ufito." Nilimsikiliza, nikampata wa kilo nane hivi. Mwenzangu alipata mkubwa kuliko wangu na hajanyamaza mpaka leo.

Vifaa vya kukodi tulivyopewa vilikuwa vya hivi hivi: rili moja ilikwama, mshipi umechakaa. Mwenye chake aje nacho. Meno ya sangara hayakati, yanasugua kama msasa, kwa hiyo kipande cha mwisho cha mshipi kiwe kinene na ukikague kila baada ya samaki. Vifuniko vya mashavu yake ndivyo vinavyokata vidole.

Jambo ambalo wengi wanaovua na kuachia hawalijui: sangara aliyetolewa kwenye kina kirefu tumbo lake huvimba hewa, kwa sababu kibofu chake cha hewa hutanuka anapopandishwa haraka. (Ndicho kile kile bondo kinachouzwa ghali kuliko nyama yake.) Ukimrudisha anaelea ubavu na tai mlasamaki wanamwona kabla hajajiweza. Kama nia yako ni kuachia, vua kwenye maji ya kina kifupi, usiangushe chambo chini kabisa. Na kama nia yako ni kula, uliza ofisini kabla ya kutoka ni yupi unaruhusiwa kubaki naye. Sheria ya nchi hairuhusu sangara wa chini ya sentimita 50.

Kila mtu husema kiangazi ndicho msimu. Kwa hali ya hewa, nakubali: mvua hakuna, asubuhi ni tulivu. Kwa samaki nina shaka. Juni hadi Agosti upepo wa kusini hupoza maji ya juu, ziwa linachanganyika, hewa inafika mpaka chini, na sangara anaweza kutawanyika kwenye kina anachokitaka. Kwa hiyo usitegemee kila asubuhi iwe na samaki. Kuna asubuhi tuliyorudi tukiwa na picha za viboko tu. Mchana upepo ukishaanza, mawimbi yanapanda upesi kuliko mtu wa Dar anavyodhani. Mzee alikuwa akigeuza boti bila kutuuliza, na sikumlaumu. Jaketi za kujiokolea vaeni, zisiwe za kukalia. Kuoga ziwani sahau: mamba wapo, na kichocho kipo Ziwa Victoria.

Malazi tulilala kwenye banda za hifadhi, safi, za kawaida, jikoni unajipikia. Leta mchele, mafuta, nyanya na ndimu kutoka Geita, kisiwani hakuna duka la maana. Sangara aliyekufa saa mbili zilizopita, akakaangwa na kuliwa na ugali wa muhogo, hafanani na yule wa kwenye barafu Kariakoo. Mchana wa upepo tulitembea msituni na askari: nzohe (swala wa vinamasini), ndege wengi, fisi maji kwenye mawe. Sokwe waliopandikizwa miaka ya 1960 tuliwasikia tu.

Je, kwingine? Kigoma naipenda, na kuhe wa Ziwa Tanganyika ni mtamu kuliko sangara, sibishani. Ila mwaka 2024 nchi nne zinazolizunguka ziwa lile zilisimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na muda huo ndio likizo yenyewe. Uliza kwanza, au nenda Septemba. Anayependa baridi na vijito aende Kenya, mito ya Aberdare na Mlima Kenya, kuna trauti waliopandikizwa tangu 1905. Huo ni uvuvi wa ndoano nyepesi na subira ya namna nyingine, mimi haunishiki.

Watoto wadogo singewapeleka Rubondo. Kukaa botini saa nne bila kusogea kunawachosha, na ukingoni huwezi kuwaachia wachezee maji. Vijana wa sekondari wanaoweza kunyamaza, hao ndio. Sisi tumeshaweka nafasi kwa Septemba mapema, kabla ya vuli, na safari hii tumempigia mzee moja kwa moja.