Duka la kurekebisha picha River Road: nyota 4, moja nimetoa juu ya Titanic

Duka liko River Road, ghorofa ya tatu, wanarekebisha picha za zamani na kutengeneza fremu. Jina sitaweka juu mwishowe walinifanyia kazi safi na sitaki kuwaharibia biashara, lakini hiyo wiki ya kwanza wacha tu.

Shosho yangu ana picha moja ya babake. Moja tu, ndogo kama ya kitambulisho, imekunjwa katikati na kona moja imeliwa na mende. Yeye alizaliwa 1943 huko Kitui, na babake akazama Februari 1944, Vita vya Pili vya Dunia, kwa meli ya wanajeshi, Khedive Ismail, kwa hivyo hamjui kabisa. Nikataka fremu moja iwe na vitu vitatu: mzee, meli, na jina lake vile limeandikwa pale kwa makaburi ya vita Ngong Road, hiyo nilienda nikapiga na simu mwenyewe, kuingia hulipi.

Fremu ya A3 ni 2,800, nikaacha 1,000 kwa Mpesa, nikaambiwa nikuje Alhamisi.

Alhamisi nikaja. Mzee wamempitisha kwa AI, ametoka na ngozi ya mtangazaji wa TV, sawa, hiyo ningevumilia, lakini ndewe zimezibwa! Masikio mazima kama ya mtoto wa juzi. Kijana wa kompyuta ananiambia, "Boss, programu ilidhani ni picha imetoboka." Eti imetoboka. Hayo masikio ndiyo kitu shosho huonyesha watu kwa hiyo picha.

Halafu meli. Walinipea Titanic. Ile ile, bomba nne, na barafu iko hapo kando, na chini kwa herufi za dhahabu wameandika SS KADHI ISMAIL. Nilicheka mpaka mama wa keshia akaacha kuhesabu pesa akakuja kuona.

Ikabidi nivute stuli niwaeleze. Hii meli hata haikuundiwa vita, ilikuwa ya abiria, ilitengenezewa Greenock huko Scotland 1922 ikaitwa Aconcagua, ya kampuni ya Chile, inapiga ruti ya Valparaíso mpaka New York ikipitia Panama. 1935 ikauziwa kampuni ya Misri wakaipa jina jipya. Khedive ni cheo cha watawala wa Misri wa zamani, Ismail ndiye alikuwa kwa kiti Mfereji wa Suez ukifunguliwa 1869, hakuna kadhi hapo jamani. 1940 Waingereza wakaichukua ibebe wanajeshi.

Februari 1944 ikatoka Mombasa na meli zingine nne za wanajeshi zikienda Colombo. Ndani watu 1,511, na 996 kati yao ni wa 301 Field Regiment, hao ni watu wa mizinga wa East African Artillery, wengine mabaharia na manesi. Tarehe 12, Jumamosi mchana, wakiwa upande wa Maldives, nyambizi ya Wajapani, I-27, ikawapiga topido mbili. Dakika tatu hazikuisha, meli iko chini. Watu 1,297 wakafa, wakapona 214. Na penye mimi hukwama nikisimulia ni hapa: nyambizi ilijificha chini ya maji pale pale watu wanaogelea, na manowari ya Waingereza, Petard, iliyokuwa inawalinda, ikaifuata na mabomu ya kulipukia chini ya maji, na watu wetu bado wamo. Nyambizi ilizamishwa siku hiyo hiyo, ndio, lakini fikiria wewe umeponea topido halafu ukutane na hiyo.

Mama wa keshia akauliza, "Kwani hawa hawakufanyiwa sinema?"

Kijana hakusema kitu, alifungua tu ile skeni ya kwanza akaivuta karibu mpaka sikio likajaa skrini nzima, akaanza kurudisha ndewe na mkono, pole pole, mimi nimekaa hapo namwambia hapo chini ilining'inia zaidi. Karibu saa nzima. Ule mkunjo wa katikati aliupunguza lakini hakuufuta, mimi nikapenda hivyo. Meli tukatafuta picha ya ukweli pamoja, na jina nikalitaipu mwenyewe.

Hasara zake: kazi ya siku tatu ilichukua wiki mbili. Waliniambia ni kioo, kufika home ni plastiki. Lifti imekufa, kwa hivyo usilete shosho wako. Na ukienda waambie mapema uso wasiguse na AI, maandishi ubebe yakiwa yameandikwa, na usilipe balansi kabla hujasoma kila herufi. Hawana kitu ya kufungia pia, mimi nilifungiwa na gazeti nikapanda matatu ya Kitui nimeikumbatia kama mtoto, makanga akataka kunilipisha kiti cha pili.

Shosho aliishika karibu na dirisha muda mrefu. Meli hakuiangalia sana. Alisema tu kona ya chini imekaa upande, na ni kweli, sikuwa nimeona.