Etymonline kwa watembeza wageni wa mashamba ya viungo

Mgeni akishikishwa kungumanga pale Kizimbani, Unguja, hakawii kuuliza nutmeg maana yake nini. Nut anaijua, meg ndiyo inayomshinda. Etymonline, kamusi ya bure mtandaoni ya asili ya maneno ya Kiingereza, kazi ya Mmarekani Douglas Harper, inalimaliza kwa aya moja: meg imebaki kutoka neno la Kifaransa cha zamani lenye maana ya miski. Kokwa inukiayo miski, basi. Hapo mtembezaji atie la kwetu: kungumanga nayo ni maneno mawili, kungu ya Manga, kama ilivyo pilipili manga, na Manga ni Uarabuni.

Andika neno zima, usilivunje. Hapa ndipo watu wanapopotea. Jackfruit ukiitafuta nusu nusu, utaletewa Jack jina la mtu, na fenesi halina uhusiano naye. Ukiitafuta nzima unapata jaca ya Kireno, iliyotoka chakka ya Kimalayalam, kule India kusini. Pineapple nayo kwanza ilikuwa tunda la msonobari; nanasi likapewa jina hilo karne ya 17 kwa kufanana nalo. (Mjerumani na Mfaransa usiwachoshe kwa hili, wao husema ananas.)

Tarehe zinahitaji jicho. "14c." ni karne ya 14, lakini "c. 1300" ni karibu na mwaka 1300: herufi moja, kazi mbili. Na mwaka huo ni wa maandishi ya kale kabisa yaliyosalia, si siku neno lilipozaliwa. Ukiona nyota mbele ya neno, ujue umbo hilo limekisiwa na wataalamu, halikukutwa limeandikwa.

Kasoro yake kubwa kwetu ni kwamba Kiswahili inakiona kinapoingia Kiingereza, kama safari, ila haifuati maneno ya Kiingereza yalivyokuja huku. Itakwambia cupboard ilikuwa ubao wa kuwekea vikombe. Haitakwambia kwamba ile p haitamkwi, ndiyo maana sisi tukapata kabati. Maelezo yake ya Kiingereza ni mazito, mwanafunzi wa skuli atahitaji mwalimu pembeni. Matangazo nayo yanakera kwenye simu. Shambani mtandao ukisuasua, ukurasa hausogei, kwa hiyo piga picha za skrini usiku wa kuamkia ziara: nutmeg, jackfruit na pineapple zinatosha kuanzia.