Watamu siku sita na shangazi: boti mbaya, boti nzuri, na mji uliokimbiwa

Nianze na ile boti ya kwanza, maana ndiyo iliyoniuma. Ilikuwa siku yetu ya pili Watamu, pwani ya Kenya, Jumapili, yapata saa nne asubuhi. Tulikuwa tumekaa chini ya mkungu, akaja kijana wa ufukweni, akatoa shikamoo kwa adabu zote, kisha akatutandikia maneno: samaki wa kila rangi, matumbawe, na pomboo tukijaliwa. Boti ya kioo, shilingi 1,500 kwa kichwa. Shangazi yangu, binti wa mvuvi wa Vanga, aliitikia marahaba bila kumtazama. Alikuwa akitazama bahari.

"Mwanangu, maji haya ni ya kuonea samaki kweli?"

"Mama, samaki wapo. Kwani wana kwa kwenda?"

Walikuwapo, sikatai. Walikuwa huko chini kabisa, nasi tumeinamia kioo kilichokwaruzika hadi kimekuwa cheupe. Maji yalikuwa yamejaa tele. Nahodha alipoona kimya kimezidi, akatoa slesi za mkate akaanza kuzitupa, jambo lisilofaa ndani ya hifadhi. Wakapanda visamaki vya mistari vikagombania makombo, tukaambiwa tupige picha. Baada ya dakika arobaini tulikuwa tumesharudi mchangani.

Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa. Nimekulia karibu na bahari hii hii, na nilikwenda likizo bila kuangalia maji, kama mgeni wa bara. Shangazi hakunisimanga. Alisema tu, "Jana mwezi ulikuwa nusu," akajifunga leso upya.

Kwa msiojua, hapo ndipo penye siri ya Watamu nzima. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu: hayapwi sana wala hayajai sana, na kwa pwani yetu asubuhi huyakuta yamejaa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: maji hukimbia mbali, na kupwa kwake huangukia asubuhi, mnamo saa nne hivi. Kila siku husogea mbele kama dakika hamsini. Bustani za matumbawe huonekana vizuri maji yakiwa madogo, mitumbwi ya Mida, hori lenye mikoko, hutaka maji makubwa, na michanga inayoibuka katikati ya bahari haiko kabisa wakati mwingine. Shangazi alihesabu vidole, akasema boti ya kweli tutapanda Alhamisi, siku ya kuondoka. Kuanzia hapo ratiba ikawa yake.

Sasa malazi. Nyumba ya wageni sitaitaja, maana kijana wa mapokezi alikuwa mtu mwema na kosa si lake. Tangazo lilisema "hatua mbili kutoka ufukweni". Ni dakika kumi na tano kwa miguu, njia ya mchanga, jua la Februari utosini, na shangazi ana magoti. Chandarua kilikuwa na tundu la kupitisha popo, nikaomba kingine mara tatu ndipo kikaletwa. Maji ya bafuni yana chumvi, sabuni haitoi povu hata uisugue kwa hasira. Kwa upande mwingine, paa ni la makuti, usiku ni kimya, na mahamri ya asubuhi yaliletwa ya moto na mbaazi za nazi. Kwa shilingi 3,500 kwa usiku, chumba cha wawili, nimelala pabaya zaidi kwa bei kubwa zaidi.

Kufika si kazi. Kutoka Mombasa unapanda matatu ya Malindi, unapita Mtwapa, mikonge ya Vipingo, daraja la Kilifi, kisha unashuka Gede. Hapo tuktuk zinakusubiri zikuteremshe kijijini, ni mwendo mfupi. Kijiji chenyewe ni kidogo: msikiti, maduka ya leso, vibanda vya viazi karai, na ghuba zenye miamba iliyoliwa chini na maji hadi imebaki kama uyoga mkubwa uliosimama baharini. Maji yakipwa unaifikia kwa miguu.

Jina, wenyeji wanasema, linatokana na "watu watamu". Nilimwuliza muuza machungwa kama ni kweli, akanijibu, "Dada, nunua kwanza, utamu utauona."

Usishangae ukisalimiwa "Ciao" kabla ya "Hujambo". Waitaliano ni wengi tangu Malindi, na wengi huanzisha hadithi yao na kituo cha San Marco kule Ngomeni, ambako Italia ilianza kurusha setilaiti kutoka baharini mwaka 1967. Ile iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe zetu za uhuru, ilipewa jina Uhuru. Mkahawa mmoja tuliletewa menyu ya Kiitaliano, ya Kiingereza ikafuata tulipouliza, ya Kiswahili haikuwapo. Shangazi akaagiza kwa Kiswahili hivyo hivyo, akaletewa alichotaka.

Jumatatu tulikwenda Gede, na kama una siku moja tu Watamu, mimi ningekushauri uiache bahari uende huko. Ni mji wa mawe ndani ya msitu. Unaingia kutoka kwenye joto la barabarani, ghafla ni baridi na kivuli, mizizi ya miti imekumbatia kuta, na kima wanakutazama kutoka juu ya mihrabu kama wenye nyumba. (Usibebe ndizi. Yangu ilichukuliwa mkononi, na aliyeichukua hakukimbia hata, alikaa pale pale akaimenya.)

Mji ulianza kukaliwa karne ya 12 hivi, ukashamiri katika karne ya 15, ukaachwa mwanzoni mwa karne ya 17. Kuna kaburi lenye tarehe iliyochongwa: mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba hapo mwaka 1948, na nyumba nyingi zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Nilikaa nikiwaza nyumba yangu ya Kisauni ingeitwaje. Nyumba ya Chaja, bila shaka.

Kilichomshika shangazi si jumba la mfalme, ni vyoo. Kila nyumba ya maana ilikuwa na choo chake cha ndani na mahali pa kuogea, miaka mia tano na zaidi iliyopita. Alikaa pale muda mrefu kuliko msikitini, akiulizia maji yalikotoka na yalikokwenda. Kiongozi wetu, kijana mwenye subira, akatupeleka kwenye kisima kilicho nje ya Msikiti Mkuu, akatuonyesha kwamba kiliongezwa kina baada ya kuchimbwa. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za watu kuhama: maji yalizidi kushuka chini, wakayafuata kwa sururu mpaka wakachoka. Nyingine ni vita. Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, walipita pwani hii mwaka 1589, mtawala wa Malindi akahamia Mombasa mwaka 1593, na Waoromo walikuwa wakisukuma kutoka kaskazini. Jina Gede lenyewe husemwa kuwa ni la Kioromo, lenye maana ya kitu cha thamani.

Ajabu iliyonibakia ni hii: Wareno walikaa Malindi karibu miaka mia, mji upo hapo jirani, na hawakuuandika popote. Au hawakuonyeshwa. Shangazi alikuwa na hakika kwamba hawakuonyeshwa. "Mgeni humpeleki jikoni," alisema.

Mwaka 2024 Gede iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Malalamiko yangu ni kwamba vibao vya maelezo ni vichache na baadhi vimefifia, kwa hiyo bila kiongozi utaona kuta tu. Mlipe kiongozi, na umwongezee kidogo. Hapo hapo pana mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993: wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza mabuu yaliyojifunga kwa maonyesho ya ng'ambo, ili msitu uwe na faida ukiwa umesimama. Msitu wenyewe, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, hatukuuingia. Magoti.

Jumanne, saa kumi na nusu jioni, Mida. Shangazi alichagua saa hiyo makusudi, maji yakiwa yanatoka. Kuna daraja la mbao lililoning'inizwa kwa kamba katikati ya mikoko. Linayumba, ukimpisha mtu mnashikana mikono na kuombana radhi. Chini yako mkoko umesimama juu ya miguu yake kama buibui, mchu umechomoza mizizi ya kupumulia kwenye tope kama penseli elfu. Tope linapobaki wazi, kaa hutoka. Yule mdogo, dume, ana gando moja kubwa kushinda mwili wake, na kazi yake ni kulipunga, kulipunga, kulipunga. "Konda wa matatu," shangazi akasema, "anaita abiria." Tangu siku hiyo siwezi kuwaona kwa namna nyingine.

Mwisho wa daraja pana kibanda cha kutazamia ndege. Februari wako wengi, wageni waliokimbia baridi ya kaskazini. Tuliwaona weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, wanaokula kaa. Hao hutaga ndani ya mashimo ya mchanga kule Uarabuni na Pembe ya Afrika, kisha huja kula kwetu. Jua likazama upande wa pili wa hori na maji yakawa kama shaba. Upande wa Dabaso, kikundi cha wanakijiji kina mkahawa juu ya nguzo katikati ya mikoko, wanauza sambusa za kaa. Tulikula kumi na mbili. Sita zilikuwa za kwanza.

Jumatano tulipita kwa watu wanaotibu kasa, Local Ocean Conservation, ambao kazi yao ilianza 1997. Mvuvi akimnasa kasa kwenye wavu huwapigia simu, wao humfuata, humpima, humtia alama na kumrudisha baharini, na mvuvi hupewa kitu kidogo cha kufidia usumbufu. Wagonjwa hukaa kwenye matangi. Walitueleza kuhusu kasa aliyemeza plastiki: tumbo huziba, hewa hujaa, naye huelea asiweze kuzama kutafuta chakula. Hupewa dawa ya kuharisha, kama mtoto. Shangazi, ambaye utotoni alikula nyama ya kasa na hafichi, alisikiliza yote, kisha akatia noti kwenye kisanduku bila kusema neno. Kwenye bustani ya nyoka ya Bio-Ken nilikwenda peke yangu. Yeye alisema nyoka amewakimbia miaka sitini, hawezi kuwalipia kiingilio leo.

Alhamisi. Saa mbili unusu tulikuwa ufukweni, bahari imerudi nyuma mpaka miamba imebaki miguu mitupu. Safari hii tulitafuta nahodha wenyewe. Mtu mzima, boti yake ina kioo kipya, na alipoulizwa kuhusu maji alijibu kabla swali halijaisha: "Saa tatu yatakuwa chini kabisa, mama. Leo hata mtoto ataona." Mkate hakubeba. Alitueleza kuwa hifadhi hii ya bahari ilitengwa mwaka 1968, kwamba ndani yake hakuvuliwi, na kwamba mwaka 1998 maji yalipata joto la kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yakafa yakawa meupe. Alituonyesha mahali palipobaki kifusi, akatusogeza palipoota upya.

Hapo akazima mashine. Maji yalikuwa ya kifuani. Chini ya kioo kilipita kipepeo wa baharini wa manjano, pono wa kijani anayeng'ata jiwe mpaka unausikia mlio, na pweza aliyejigeuza rangi mbele ya macho yetu kisha akapotea akiwa pale pale.

Nahodha alimpa shangazi jaketi la kuelea na miwani ya kuzamia. Nilijua atakataa. Alivua leso ya juu, akaikunja, akanikabidhi na saa yake. Akashuka ngazi taratibu, magoti yakilalamika, akashika ukingo wa boti kwa mkono mmoja, akatia uso majini. Alikaa. Akainua kichwa kuvuta pumzi, akarudi. Mara nne, mara tano. Nahodha akanitazama, nami nikamtazama.

Alipopanda, maji yanamchuruzika, alikaa kitako kwa muda akipangusa uso.

"Baba alikuwa akituletea hawa hawa," alisema. "Lakini wakifika nyumbani walikuwa wameshapauka. Mimi nilidhani ndiyo rangi yao."

Bei ilikuwa shilingi 1,500 kwa kichwa, ile ile ya Jumapili. Ukienda, angalia mwezi kwanza, halafu ndiyo uulize boti.