TAHADHARI: jamaa wa magemu ya PS4 ya bei chee, Kariakoo

Wadau, kuna jamaa ana fremu ghorofani Kariakoo, anauza magemu ya kupakua ya PS4, ile mashine ya magemu ya Sony. Mkimbieni. Tapeli mkubwa.

Nilimpelekea PS4 ya kibandani kwangu, ninapochezesha madogo kwa kulipia. Akanipa kiti, akaagiza soda ya baridi, akachomeka mashine kwenye tivii yake ya ukutani. Akaingiza imeili na nywila mbele ya macho yangu, gemu la mpira la FC 25 likaanza kushuka, tukasubiri huku tunabishana Simba na Yanga. Ilipomaliza akanikabidhi padi: "Cheza kaka, ujiridhishe." Nikampiga tatu bila (sasa najua alijiachia). Akaniambia: "Hii siyo ya wizi, nimeilipia Sony kabisa." Na risiti akaandika. Nani asingetoa elfu arobaini hapo?

Na msije na habari za "bei ilikuwa ndogo mno". Gemu jipya dukani kwa Sony ni dola 60 mpaka 70, na Tanzania haimo hata kwenye nchi za kufungulia akaunti. Wote tunaungaunga na akaunti za Marekani na vocha. Mashine za kuchipiwa, zile zinazochokonolewa zicheze magemu ya wizi, nilishaachana nazo. Safari hii nilitaka kitu halali, nicheze mtandaoni bila kufungiwa.

Jumamosi kibanda kimejaa, madogo wameshalipia ligi, gemu linagoma. Kufuli kwenye picha yake. Naweka nywila, imebadilishwa. Madogo wanacheka, wanadai hela zao, mama mwenye nyumba naye katoka kuangalia. Aibu niliyoipata! Napiga simu, haipatikani. Naenda Kariakoo, ile fremu inauza kava za simu.

Kumbe akaunti inabaki yake, mashine yako anaisajili tu kama mashine kuu, ile inayofungua magemu ya akaunti hiyo kwa yeyote anayeitumia. Sony wanamruhusu mwenye akaunti kufuta mashine zote akiwa mbali, mara moja kila miezi 6. Akikufuta, nafasi ileile anamuuzia mwingine. Ukipewa imeili isiyo yako ukaambiwa usiguse nywila, chukua mashine yako uondoke. Risiti yake pia haikuwa na jina la duka.

Huyu ni wa kulala ndani. RB ya polisi ninayo, namba yake ya simu nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Afungwe, alipe, mashine zake zipigwe mnada! Mliolizwa naye njooni inbox twende polisi pamoja. Mwenye namba yake mpya aitume.