Leupold 3-9x40 juu ya Brno: kwa pori la Chunya inatosha

Kwa pori la huku kwetu, ukitoka Chunya kwenda Makongolosi na kuendelea hadi unakaribia Rungwa, darubini ya bunduki inayokuza mara 3 hadi 9, yenye kioo cha mbele cha milimita 40, inatosha. Anayekushawishi uchukue kubwa zaidi anakuuzia uzito. Yangu ni Leupold VX-Freedom, imekaa juu ya bunduki ya Brno ZKK 600 inayotumia risasi ya .30-06. Naieleza kwa urefu kwa sababu vijana waliopata leseni karibuni huja kuniuliza wanunue ipi, na wakishajibiwa wanakwenda kununua nyingine.

Mimi nilikuwa mbeba bunduki kwenye kambi za wageni. Msimu ukifunguliwa Julai Mosi, mgeni akishuka tu kwenye ndege ndogo, hata kabla ya kuoga, anapelekwa kwenye shabaha: karatasi mita 100, meza, mifuko ya mchanga. Mgeni anapiga tatu, mwindaji bingwa anaangalia karatasi, mimi naangalia bunduki. Kwa namna hiyo zimepita mikononi mwangu Swarovski na Kahles za Austria, Zeiss na Schmidt & Bender za Ujerumani, Meopta za Wacheki, na Leupold za Marekani kuliko zote. Sijasomea vioo. Nimezibeba, nimezifuta vumbi na nimeona zipi zinarudi nyumbani zikiwa bado zinapiga pale zilipolengwa.

Watu hudhani kazi ya darubini ni kumleta mnyama karibu. Kwenye miombo mnyama yuko karibu tayari. Palahala au pofu unampiga mita 60, mita 80, mara chache 150; zaidi ya hapo miti imeshamficha. Shida ya huku ni kumpata ndani ya kioo kabla hajageuka. Leupold hii ukiiweka kwenye 3, kwa umbali wa mita 100 unaona upana wa kama mita 11. Ukiipeleka kwenye 9 unabakiwa na kama mita 4 na nusu, na hapo ni kuchungulia kupitia tundu la ufunguo: gome la mti, unahamia kushoto, gome tena, huku traka, yule mfuata nyayo, amesimama begani kwako ananong'ona "piga, piga" kwa mnyama ambaye yeye anamwona kwa macho matupu. Nimewaona wageni wa pesa nyingi wakipoteza tandala mzuri kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo yangu hutembea ikiwa kwenye 3. Vijiti vya kuegemeza bunduki vikishasimamishwa na mnyama ametulia, naisogeza hadi 5 au 6. Ile 9 ni ya karatasi.

Halafu kuna mwanga, na hapa ndipo maneno ya wauzaji yanapokuwa mengi. Wajerumani na Waaustria hupenda kuja na 8x56, yaani inayokuza mara 8 na kioo cha mbele cha milimita 56, bomba nene ambalo ukilibeba mchana kutwa bega linakumbuka. Si wajinga. Kwao mtu hukaa juu ya kichanja hadi usiku, akisubiri nguruwe pori kwa mbalamwezi, na kioo kile kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Kwetu kuwinda usiku ni marufuku, na jua likishazama una kama dakika 20 giza limefunga. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano: gawanya kipenyo cha kioo cha mbele kwa ukuzaji, unapata upana wa mwanga unaofika jichoni. 56 kwa 8 ni milimita 7. 40 kwa 9 ni 4.4, kweli ni ndogo. Lakini 40 kwa 6 inakaribia 6.7. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi. Ya mtu wa umri wangu huishia kwenye 5. Jioni nikiiweka yangu kwenye 6, jicho langu limeshashiba, mwanga wa ziada wa ile 56 ningeumwaga.

Tena kioo cha 56 hakikai chini. Kinahitaji pete ndefu, zile zinazoifunga darubini kwenye bunduki, ili kisigonge mtutu, pete ndefu inainua darubini, na shavu linaachana na kitako cha bunduki. Unalenga kichwa kikielea hewani.

Kinachotofautisha darubini mbili zenye namba zilezile ni vioo vyenyewe na dawa iliyopakwa juu yake. Kila uso wa kioo usiopakwa hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga, na ndani ya darubini nyuso ziko nyingi, kwa hiyo hasara inajumlishana. Darubini nzuri ina tabaka kadhaa kwenye kila uso. Niliwahi kuiweka Leupold hii kando ya Swarovski Z8i ya mgeni, juu ya boneti ya Land Cruiser, saa moja kasoro robo jioni, tukitazama kisiki chenye kivuli ng'ambo ya mbuga. Sitadanganya: Swarovski iliendelea kuonyesha nyufa za kisiki wakati kwenye Leupold kilishakuwa doa. Tofauti ilikuwa ya dakika chache. Dakika hizo zinauzwa zaidi ya dola 2,000, na Leupold hii kule Marekani inauzwa kama dola 300. Mwenye nazo na anunue. Ni kioo kitamu, nakubali.

Sasa ile ya mpwa wangu wa Uyole. Alinunua mtandaoni, jina la kampuni nalihifadhi, darubini ya 6-24x50 yenye taa nyekundu na kijani, kwa bei ambayo ilipaswa kumtisha. Alikuja nayo nyumbani akaielekeza kwenye mlima Loleza. "Mjomba, naona hadi nyaya za minara!" Nikamwambia minara haiwindwi. Ukuzaji wake wa chini kabisa ni 6, maana yake inaanzia pale ambapo yangu inamalizia kazi ya porini. Pia jicho linatakiwa likae karibu mno na kioo cha nyuma. Kwenye .30-06 hilo si jambo la mzaha, kwani bunduki hupiga teke na ukingo wa darubini unakuja na nyusi yako. Ile Leupold inakuachia kati ya sentimita 9 na 10 na nusu, kutegemea ukuzaji. Mpwa wangu ana alama ya mwezi mchanga juu ya jicho la kulia, na mke wake ameshachoka kuulizwa kulikoni.

Tuliipima. Kipimo hiki mtu yeyote anaweza kukifanya, na risasi zilivyo ghali, kifanye kwa mita 25. Piga moja kwenye karatasi. Zungusha kirekebishio cha darubini tiki 40 juu (kila mlio mmoja ni tiki), piga. Tiki 40 kulia, piga. 40 chini, piga. 40 kushoto, piga, huku ukilenga alama ileile muda wote. Darubini nzima itachora mraba, na risasi ya mwisho itarudi ilipotua ya kwanza. Kwa darubini zenye tiki ya robo dakika ya pembe, si ya saa, ambazo ndizo nyingi, kila tiki ni kama milimita 7 kwa mita 100, kwa hiyo mita 25 mraba wako utakuwa na upande wa sentimita 7 hivi. Ya mpwa wangu ilichora umbo ambalo mwalimu wa hisabati angelikataa, na risasi ya mwisho haikurudi nyumbani. Leupold ilichora mraba.

Kipimo cha pili ni ndoo. Maji ya vuguvugu, si ya moto, unaizamisha darubini vifuniko vikiwa vimefungwa na unatazama. Vikitoka viputo, gesi iliyojazwa kiwandani inatoroka, na unyevu utaingia. Darubini za heshima hujazwa naitrojeni au agoni ili zisipate ukungu ndani, na kwa mtu wa Mbeya hili ni kubwa kuliko anavyodhani. Unatoka mjini alfajiri ya Julai, unapanda mlima kwenda Chunya kwenye ukungu na baridi ya kukata masikio, kisha saa nne uko chini kwenye joto. Ukungu wa nje unaufuta. Ukiwa ndani, safari imekwisha.

Kwenye pete na vishikilio ndipo watu wanapobana pesa. Darubini ya dola 300 juu ya pete za shilingi elfu kumi ni bunduki isiyojua inapiga wapi. Brno za zamani zina mfereji uliochongwa juu ya mwili wa bunduki, pale bolti inapopita, kwa hiyo hazitumii vishikilio vya kawaida. Zinataka pete zilizotengenezwa kwa ajili yake, na fundi akikwambia atachonga za kawaida zikae, chukua bunduki yako uondoke. Skrubu zikazwe kwa kupokezana, kidogo kidogo, zipakwe gundi ya skrubu, na zisikazwe kwa hasira, maana bomba la darubini ni alumini na linabonyea. Barabara ya lami inaishia mahali. Baada ya hapo ni makorongo, na kila korongo linajaribu skrubu zako.

Mimi napima yangu ipige sentimita 5 juu kwa mita 100. Kwa risasi ya uzito wa greni 180 (kama gramu 12) hiyo inanirudisha kwenye mstari karibu na mita 180, na katikati ya hapo sina haja ya kuzungusha chochote. Ndiyo maana vile virekebishio virefu vya kuzungusha porini, vinavyopendwa na wapiga shabaha wa mbali, sivitaki. Vinagusana na kamba ya begi, vinajizungusha wenyewe. Vya VX-Freedom ya kawaida ni vifupi na vina vifuniko. Nukta ya taa haina, ni msalaba mtupu wenye mikono minene inayokwenda ikawa myembamba katikati, na jioni ile mikono minene ndiyo inayoliongoza jicho. Ukitaka yenye nukta, hakikisha inatumia betri ya CR2032, ile ya rimoti za magari, hiyo sokoni Mwanjelwa ipo.

Kuhusu kuipata. Maduka mengi ya Marekani hayatumi darubini za bunduki nje kwa sababu ya sheria zao za usafirishaji, kwa hiyo usilipe kwanza ukauliza baadaye. Ya kwangu aliniachia mgeni mwisho wa safari, kama bakshishi. Leupold na Vortex zote zina dhamana ya maisha isiyouliza risiti, na wauzaji huipigia debe sana. Mimi naihesabu nusu: kuirudisha Oregon au Wisconsin kutoka Mbeya kunaweza kula hamu yote. Kama mfuko hauifikii Leupold, Vortex Crossfire II ya 3-9x40 ni chaguo la haki, bei yake ni ya chini zaidi na vipimo ni vilevile. Zilizokwisha kutumika zitikise karibu na sikio, kisikike chochote kinachocheza ndani, achana nayo. Mulika tochi kutoka mbele utazame kwa nyuma, utaona ukungu na mikwaruzo yote ambayo mwenye nayo alisahau kuitaja.

Yote haya ni ya .30-06 na wanyama wa nyama. Nyati ni kazi ya bunduki ya .375 kwenda juu, na juu ya .375 usiweke 3-9. Weka ndogo kama Leupold VX-3HD ya 1.5-5x20, kwenye pete za kufungua kwa mkono kama zile za Talley. Nyati aliyejeruhiwa akiingia kwenye matete, ivue, itie mfukoni, na umfuate kwa kilengeo cha chuma.